Kwenda na mtoto mdogo kwenye bustani kubwa ya burudani: hatua kwa hatua, tangu tiketi hadi mlango wa kutokea

Kila likizo ikikaribia, maswali huwa ni yale yale. "Wangu ana mwaka mmoja na nusu, kuna atakachofaidi kweli?" "Nichukue kigari au nimbebe?" "Kila bembea inataka urefu, sasa yeye atapanda nini?" Nimewajibu wazazi wengi mmoja mmoja, na sasa nayaweka majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa siku yenyewe. Ninaposema bembea nina maana ya chochote cha kupanda huko, kuanzia farasi wa kuzunguka hadi treni za kasi.

Mwongozo huu ni wako ikiwa mtoto ameanza kutembea na bado hajafika miaka 4. Huo ndio umri mgumu zaidi. Mtoto mchanga utambeba naye atalala popote, na wa miaka 6 unaweza kumweleza akakuelewa. Huyu wa katikati anataka kutembea mwenyewe, kisha baada ya hatua ishirini anataka kubebwa, na hajui kusubiri.

Lishike hili kabla ya mengine: ratiba ya siku hiyo itapangwa na usingizi wa mtoto, ramani ya bustani itafuata. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Anayelala saa saba mchana nyumbani atataka kulala saa saba hata akiwa juu ya farasi wa kuzunguka. Karibu kila siku iliyoharibika niliyosimuliwa na wazazi, na ile ya kwangu mwenyewe pia, iliharibika kwa kupuuza hilo.

KABLA HUJANUNUA TIKETI

Angalia umri wa kuanza kulipia. Walt Disney World ya Florida na Disneyland Paris haziwatozi kiingilio watoto walio chini ya miaka 3. Tokyo Disneyland inaanza kutoza kwenye miaka 4. Ikiwa siku yake ya kuzaliwa iko karibu, tarehe ya safari inaweza kukuokolea tiketi nzima. Beba kitu kinachoonyesha umri wake.

Kisha mpime urefu, akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Mtoto wa miaka 2 kwa kawaida huwa na sentimita 86 au 87. Sasa tazama Magic Kingdom, moja ya bustani za Walt Disney World, kama mfano: The Barnstormer, rola kosta (treni ya kupanda na kushuka kwa kasi) yao ndogo kabisa, inataka sentimita 89. Seven Dwarfs Mine Train inataka 97, na Space Mountain 112. Kwa hiyo wa miaka 2 hapandi hata moja kati ya hizo. Lakini tembo wanaoruka wa Dumbo, boti za "it's a small world" na farasi wa kuzunguka hawana kipimo cha urefu, mradi akae na mtu mzima. Bustani nyingi kubwa ziko hivyo: bembea za kutisha zina kipimo, zile za polepole hazina. Fungua tovuti ya bustani unayokwenda, andika majina ya bembea ambazo mtoto wako anaruhusiwa, na hiyo ndiyo orodha yako. Nyingine mbele yake usizitaje kabisa.

Tafuta pia sehemu za kutembea tu, zisizo na foleni. Efteling ya Uholanzi ilifunguliwa mwaka 1952 ikiwa msitu wa hadithi, na msitu huo bado upo: mnapita njiani kwa miguu, mnasimama mnapotaka. Legoland ya Billund, Denmark, ina eneo zima la DUPLO (yale matofali makubwa ya LEGO ya watoto wadogo) lililojengwa kwa ajili ya wadogo. Kwa umri huu, sehemu kama hizo zina thamani kuliko bembea kumi.

VITU VYA KUANDAA

- Kigari, hata kama mtoto anatembea vizuri na hata kama nyumbani alishakiacha. Bustani kubwa ni kilomita kadhaa za kutembea, na ndicho kitakachokuwa kitanda chake. Soma masharti ya vipimo: bustani za Disney za Marekani haziruhusu kigari kinachozidi sentimita 79 kwa upana au 132 kwa urefu wa mbele hadi nyuma, na mikokoteni ya kuvuta hairuhusiwi.
- Kanga au kibebeo cha mgongoni, kwa sababu kigari huachwa nje ya foleni nyingi.
- Nepi: hesabu anazotumia kwa siku, ongeza tatu. Tishu za maji pakiti mbili.
- Nguo za kubadilisha seti mbili za mtoto, na fulana moja ya kwako. Watu husahau hiyo ya kwao, kisha mtoto anamtapikia mama begani saa nne asubuhi.
- Kofia, na mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Hupakwa upya kila baada ya saa 2.
- Chupa ya maji yake aliyoizoea, na vitafunio vikavu vilivyogawanywa kwenye vifuko vidogo vidogo.
- Vifuniko vya masikio vya watoto, vile vikubwa vinavyofunika sikio lote.
- Karatasi ndogo chache zenye gundi, za kubandika kumbukumbu. Utaona kazi yake huko mbele.
- Utepe wa rangi kali wa kufunga kwenye mpini wa kigari.
- Pawabenki ya simu.
- Kile kitambaa, mdoli au blanketi analolalia. Kiwe na kamba ya kukifunga kwenye kigari, kwa maana kikidondoka huko hukipati tena.

Vifaa vya kuchezea acha nyumbani. Huko kuna vya kutosha.

HATUA KWA HATUA

1. Wiki moja kabla, chora siku kwa saa za mtoto.

Chukua karatasi. Andika anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, analala saa ngapi. Nafasi zinazobaki ndizo siku yako ya bustani. Kwa watoto wengi utapata saa tatu au nne nzuri asubuhi, na moja na nusu au mbili jioni baada ya kuamka. Ndani ya asubuhi hiyo panga mambo matatu tu. Yakizidi hayo ni bahati, na yakipungua hamjapoteza kitu.

2. Usiku wa kuamkia safari, mlaze mapema na upakie wewe.

Nguo atakazovaa ziwe za rangi inayoonekana kwa mbali. Andika namba yako ya simu kwenye mkanda wa mkononi, au kwa kalamu kwenye mkono wake, upande wa ndani. Jina lake usiliandike mahali panaposomeka na kila mpita njia, kwa sababu mtoto humwamini mtu yeyote anayemwita kwa jina.

3. Fikeni nusu saa kabla lango halijafunguliwa.

Saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi kuliko zote, na watoto wadogo huwa wameamka alfajiri hata hivyo. Ni faida pekee mliyo nayo juu ya vijana wanaochelewa kulala, itumieni. Mkiwa mnasubiri langoni mpige picha ya mwili mzima kwa simu yako, na nguo na viatu vionekane. Ikitokea akapotea, hutahitaji kukumbuka kama soksi zilikuwa za njano.

4. Ukishaingia, tafuta chumba cha watoto kabla ya bembea yoyote.

Bustani kubwa nyingi zina chumba maalumu cha kuhudumia watoto wadogo. Zile nne za Walt Disney World kila moja ina Baby Care Center, yenye meza za kubadilishia nepi, sehemu tulivu ya kunyonyeshea, viti virefu vya kulia na maikrowevu. Jua kilipo mapema, usikitafute mtoto akiwa tayari analia. Hapo hapo mwonyeshe mtoto mhudumu mmoja: "Unaona huyu mwenye beji? Hawa ndio wanasaidia watoto." Kisha watu wazima kubalianeni mahali pa kukutana simu zikikata chaji.

5. Anza na bembea ya polepole, iliyo wazi, na muitazame kwanza ikizunguka.

Hatua hii wazazi wengi wanairuka. Simameni pembeni, mwacheni aone inaanza, inazunguka, inasimama, watoto wanashuka wakicheka. Mizunguko miwili inatosha. Msemee kinachotokea: "Inazunguka. Sasa inapunguza. Imesimama." Mtoto mdogo haogopi mwendo peke yake. Anachoogopa ni kutojua kama kitu kile kitaisha. Akishaona kinaisha, mara nyingi atakunyooshea mikono umpandishe.

Ya kwanza isiwe ya ndani ya giza, hata kama tangazo lake lina wanyama wanaotabasamu. Bembea za gizani zina sauti za ghafla, na mkishaondoka hakuna kushuka njiani. Mkipanda, mweke upande wa ndani na wewe ukae upande wa mlango, mkono wako ukipita mbele ya kifua chake.

ONYO: usimwekee kitu ndani ya kiatu ili afikie kipimo, wala usimnyooshe shingo mbele ya mhudumu. Kipimo hicho kinaendana na chuma cha kumzuia mtoto kitini. Mwili mdogo kuliko kipimo unaweza kuponyoka.

6. Kwenye foleni, weka kikomo.

Kikomo changu ni dakika ishirini kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Programu za simu za bustani kubwa huonyesha muda wa kusubiri kwa kila bembea. Ukiona dakika arobaini, pita. Kabla ya kuingia foleni badilisha nepi au mpeleke chooni, kisha vitafunio vitoke kidogo kidogo, kimoja kila foleni inapopiga kona. Ukimpa mfuko mzima mwanzoni, utaisha kabla hamjafika kona ya pili.

Kigari utakiacha kwenye maegesho yake. Kifunge ule utepe, piga picha mahali ulipokiacha, na usiache ndani hati za kusafiria, fedha wala dawa. Wahudumu huvisogeza ili kupanga nafasi, hivyo usishtuke ukikikuta mita kumi kutoka ulipokiweka.

7. Wewe na mwenzako mkitaka bembea kubwa, mbadilishane.

Wengi hawajui kwamba hili lipo. Kwenye bustani za Disney za Marekani linaitwa Rider Switch, na bustani za Universal wanaliita Child Swap. Mnamwambia mhudumu mlangoni kwamba mna mtoto asiyefikia kipimo. Mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha mnabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Bustani nyingine nyingi zina utaratibu wa namna hiyo kwa jina lake, hivyo uliza tu. Fanyeni mara moja au mbili kwa siku, tena wakati mtoto ameshiba. Anayebaki awe na la kufanya naye, maana kumkalisha dakika thelathini akitazama mlango ambao baba yake amepotelea ni kumtesa.

8. Kuleni mapema, saa tano asubuhi.

Kuanzia saa sita meza zote zinajaa na mtoto aliye na njaa hana subira ya trei. Bustani nyingi huruhusu chakula cha mtoto mdogo kutoka nyumbani hata zinapokataza cha wakubwa, lakini soma masharti yake. Bisi ziko kila kona huko, na mtoto aliye chini ya miaka 4 asipewe, kwa sababu humpalia. Zabibu na soseji zikate kwa urefu, vipande vinne. Vipande vya duara vya soseji ndivyo hasa vinavyoziba koo. Asile akiwa anakimbia au akiwa juu ya bembea.

9. Usingizi wa mchana.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo siku inapookolewa au kupotea.

Kama mnalala karibu na bustani, rudini chumbani. Ndiyo, mtatembea, mtapanda basi, mtapoteza saa mbili. Rudini tu. Mtoto aliyelala kitandani saa moja na nusu anarudi jioni akiwa mtoto mwingine, na jua nalo limepoa.

Kama hamwezi kurudi, tafuteni njia ya pembeni yenye kivuli, mbali na spika na njia ya maandamano ya muziki, nusu saa kabla ya wakati wake wa kulala. Laza kiti cha kigari, mpe kitambaa chake, mvike vifuniko vya masikio, kisha tembea naye taratibu kwenda na kurudi hatua hamsini zile zile. Usimpitishe mbele ya kitu kipya. Akisinzia, endelea dakika kumi kabla ya kusimama.

ONYO: usifunike kigari chote kwa blanketi au kanga ili kukinga jua. Hewa haipiti, na joto la ndani hupanda haraka kuliko unavyodhani. Tumia paa la kigari, hamia kivulini, na mguse shingoni kila baada ya dakika chache. Na usitundike begi zito kwenye mpini. Siku mtoto akiinuka ghafla, kigari chote kitaangukia nyuma.

10. Jioni, mwache atembee.

Baada ya kuamka msikimbilie bembea mlizozikosa. Huu ni wakati wa maji, bata, njia za mawe, muziki wa mbali. Binti yangu alipokuwa na miaka 2, tulimpeleka bustani moja kubwa sana. Kilichomshika kuliko vyote kilikuwa mfuniko wa chuma wa mtaro, wenye matundu, ambao maji yalisikika yakipita chini yake. Alilala kifudifudi, akaweka sikio, akainuka, akasema "maji", akalala tena. Dakika ishirini na tano. Mimi nilikuwa nimesimama na ramani mkononi nikihesabu tulichokosa, na hadi leo najuta kwamba sikulala pale naye kusikiliza.

11. Ondokeni akiwa bado anacheka.

Fataki huwa usiku, na mlio wake ni mkubwa kwa masikio madogo. Mkiamua kubaki, mvike vifuniko kabla hazijaanza na mkae mbali, karibu na mlango wa kutokea, mnapoweza kuondoka bila kupenya umati. Kwa aliye chini ya miaka 3 ushauri wangu ni kutobaki. Mbadilishe nepi na umvalishe nguo za kulalia kwenye chumba cha watoto kabla ya kutoka, ili akilala njiani abebwe moja kwa moja hadi kitandani.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Analia chooni na kukataa kukaa. Vyoo vingi huko hujimwagia maji vyenyewe, na mlio ule chini ya mtoto ni wa kutisha kweli. Bandika ile karatasi yenye gundi juu ya kijicho cheusi kinachohisi mwendo, ukutani nyuma ya choo. Maji hayatamwagika hadi uibandue, naye akiwa ameshatoka nje ya mlango. Mashine za kukaushia mikono pia epuka, futa mikono kwa nguo.

Anamkimbia kikaragosi (mtu aliyevaa vazi la mhusika wa katuni) ambaye alimpenda alipomwona kwenye runinga. Kwenye runinga kilikuwa na ukubwa wa kiganja, na sasa kimemzidi baba yake. Usimsukumie mikononi kwa ajili ya picha. Piga magoti, mpungie kikaragosi mkono mkiwa mbali, na ikiishia hapo basi. Picha ya mtoto anayepiga mayowe haitakufurahisha baadaye.

Amegoma kabisa, amejinyoosha chini kama ubao. Angalia kwa mpangilio huu: kiu, njaa, nepi, joto, usingizi. Mara nyingi jibu limo. Mtoe penye kelele kwanza, kisha mnyweshe maji, maneno yafuate baadaye.

Amechoka kupita kawaida, midomo imekauka, nepi haijalowa kwa saa nyingi, au analia bila machozi. Hapo amepungukiwa maji mwilini. Mpeleke kwenye kivuli au chumba chenye kiyoyozi, mvue nguo za juu, mpe maji kidogo kidogo, na nendeni kituo cha huduma ya kwanza cha bustani mara moja. Kwa hili msisubiri kuona kama atapata nafuu.

Amepotea. Mmoja abaki pale pale alipoonekana mara ya mwisho. Mwingine amwendee mhudumu wa kwanza anayemwona, akiwa na picha ya asubuhi. Semeni kwa sauti kubwa, msione haya: "Natafuta mtoto, miaka miwili, fulana ya njano, viatu vyekundu!" Watu kumi watageuka kutazama chini mara hiyo hiyo. Anzeni kuangalia palipo na maji, kisha mahali mlipotoka. Kelele za namna hii huwapata watoto haraka kuliko kukimbia kimya kimya.

Kigari hakionekani. Zunguka maegesho yote mara moja ukitafuta utepe wako kabla hujaripoti. Kisipopatikana, mhudumu wa eneo hilo ndiye wa kwanza kumwambia, na bustani nyingi zina vigari vya kukodi karibu na lango.

Mvua imeanza. Wengi watakimbilia nje, foleni zitapungua. Mwenye koti la mvua la mtoto na kifuniko cha plastiki cha kigari, chenye matundu ya hewa, anaweza kupata nusu saa nzuri kuliko zote za siku. Ikiwa kuna radi, ingieni ndani ya jengo. Bembea za nje zitasimamishwa kwa vyovyote.

Hataki kuondoka. Usimwambie "tunaondoka" ghafla mbele ya farasi wa kuzunguka. Anza kuaga vitu kimoja kimoja mnapoelekea mlangoni: kwaheri bata, kwaheri treni, kwaheri taa. Tembea polepole, mwache yeye achague kinachofuata kuagwa.